Iletwe Tena

Jumatatu, 4 Machi

Nimeripoti saa moja na nusu asubuhi, na hadi saa nne nilikuwa bado nimesimama. Kiti sikukikalia. Ni kiti cha mbao cha kawaida chenye mto wa ngozi, lakini marehemu Mkuu alikikalia miaka ishirini na mmoja na mto umebonyea kwa umbo lake, upande wa kushoto zaidi kwa sababu alikuwa anaumwa nyonga. Koti lake la mvua bado linaning'inia nyuma ya mlango. Nilimuuliza mzee wa masjala, anayetunza majalada yote ya chuo, kwa nini halijapelekwa kwa familia. Akanijibu, "Hatukuwa na Mkuu wa kutoa idhini."

Nikasema basi natoa idhini. Akanitazama juu ya miwani. "Kwa maandishi, Mkuu."

Barua yangu inasema Kaimu Mkuu wa Chuo kwa muhula mmoja. Tarehe 7 Juni Bodi itakaa kuamua kama nithibitishwe. Hapa nimeanza mwalimu msaidizi, nikawa mhadhiri, mkuu wa idara, mlezi wa wanafunzi, kisha makamu wa taaluma. Barua zote tano alizisaini marehemu kwa wino wake wa kijani. Hii ya sita ndiyo ya kwanza kuja na wino mweusi, wa Mwenyekiti wa Bodi. Baba Pacha, mume wangu, aliisoma mara mbili akasema, "Sasa nyumbani tutakuwa tunakuona kwa miadi."

Saa nne aliingia mama wa jikoni na trei. Chuo kizima humwita Mama Chai. Aliweka kikombe, akalipangusa koti la marehemu vumbi kama vile mwenyewe yumo ndani, akauliza, "Saa ngapi sasa, Mkuu?"

"Saa nne na dakika mbili."

"Bado mapema," akasema, akatoka. Nikakaa.

Alhamisi, 7 Machi

Nilidhani kazi ya Mkuu ni kufikiri. Leo nimeamua ugomvi wa walimu wawili juu ya funguo za maabara, nimesaini majalada thelathini na tisa, nimepokea ujumbe wa wanafunzi kuhusu paa la bweni, nimeombwa niwe mgeni rasmi kwenye harusi ya mtu nisiyemjua, na nimekwenda mwenyewe kutazama choo kilichoziba kwa sababu fundi alisema hawezi kuanza bila Mkuu kuona. Nimeona.

Jumanne, 12 Machi

Mvua imeanza. Ofisini nilisikia tik, tik, tik, nikaacha kuandika. Niliangalia ukutani: hakuna saa. Niliangalia mezani: hakuna. Kumbe ni paa, linadondosha juu ya kabati la chuma lililofungwa, ambalo ufunguo wake haujulikani ulipo. Wameweka ndoo juu. Sauti imebadilika lakini haijaisha.

Jumatano, 20 Machi

Nimekagua ukumbi wa mitihani na fundi wa paa. Sikupenda kwenda. Juu ya jukwaa, ukutani, bado kuna duara jeupe palipokuwa na saa. Hakuna aliyetundika nyingine. Siku za mtihani wasimamizi hutumia saa zao za mkononi na kuandika muda ubaoni kwa chaki.

Na lipo dawati namba arobaini na saba. Kwa amri ya marehemu, kila mtihani dawati hilo huwekewa karatasi ya maswali na kijitabu cha majibu, na hakuna anayelikalia. Walimu wageni husema ni la jini. Wanafunzi huligusa wakipita, eti lina bahati, na mtu asiyesoma humwambia mwenzake, "Mimi namtegemea Arobaini na Saba." Fundi naye alikwepa kuweka ngazi yake hapo.

Nitaliandika hapa mara moja, kisha niliache.

Miaka kumi na saba iliyopita, nikiwa mwalimu msaidizi wa miaka ishirini na sita, nilisimamia mtihani wa asubuhi katika ukumbi huu. Kanuni ilikuwa, na bado ni ileile: mtihani unaanza saa tatu, mlango unafungwa saa tatu na nusu, kwa saa ya ukumbi. Mvua ilikuwa inamwagika kama leo. Msichana wa namba arobaini na saba alifika ameloa chapachapa, viatu mkononi. Nilitazama saa ya ukutani. Saa tatu na dakika thelathini na mbili. Akasema, "Mwalimu, nakuomba." Nikamjibu, "Kanuni ingekuwa na huruma, binti, isingeitwa kanuni." Nilijiona mwerevu sana kwa sentensi ile. Nikafunga mlango. Kivuli chake kilisimama kidogo kwenye kioo cha mlango, halafu kikaondoka. Kati ya chuo na mtaa wao kuna korongo. Asubuhi alilivuka maji yakiwa magotini. Aliporudi lilikuwa limejaa, likamchukua.

Hayo kila mtu wa zamani hapa anayajua, na hakuna aliyenilaumu, kwa sababu nilifuata kanuni. Ambalo sijamwambia binadamu yeyote, hata Baba Pacha, ni hili. Ijumaa iliyotangulia nilipanda juu ya kiti nikaisogeza ile saa dakika tano mbele. Ndiyo ilikuwa desturi yetu walimu wachanga: wanafunzi wakizidi kuchelewa vipindi, tunawaibia dakika ili wawahi. Kabla ya mitihani saa hurudishwa. Zamu ya kuirudisha ilikuwa yangu, nikasahau. Yule msichana alifika saa tatu na dakika ishirini na saba. Alikuwa amewahi.

Nilikumbuka jioni ile, redio ilipotangaza saa. Kesho yake nilikwenda alfajiri kuirudisha na kukuta ukuta mtupu. Walisema imepelekwa kwa fundi. Haikurudi tena. Baada ya mwezi marehemu alinisainia ruhusa ya masomo, nikaondoka kwa miaka mitatu, na niliporudi nilikuwa mtu wa kufika kabla ya wote. Wanafunzi wananiita Mama Dakika. Wanadhani sijui.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Jumatano, 3 Aprili

Wanafunzi wamegoma kuingia madarasani hadi paa la bweni litengenezwe. Nilisimama mbele yao kwenye mvua bila mwavuli, na hilo liliwashangaza kuliko hotuba. Nikawahamishia maktaba ya zamani, wasichana ghorofani, wavulana chini, na nikamweka mlezi wa wanafunzi alale mlangoni katikati. Saa sita mgomo ulikwisha. Mwenyekiti wa Bodi amepiga simu kunipongeza.

Waliporudi madarasani mbio, Mama Chai alikuwa amesimama kwenye baraza la jikoni akiwapigia makofi. "Kimbieni, wanangu, mlango haungoji!" Wote wakacheka. Husema hivyo kila siku, nami nimeisikia miaka kumi na minne bila kuisikia. Leo nimeisikia.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeomba fundi avunje kufuli la kabati la chuma kabla karatasi zilizomo hazijaoza. Karatasi zilikuwa chache: kanuni za zamani, picha za mahafali. Chini kabisa palikuwa na kitu cha mviringo kimefungwa kwenye gazeti.

Fundi akauliza, "Hii tuitundike, Mkuu?"

Nikamwambia aende akale. Nilifunga mlango kwanza ndipo nikalifungua gazeti. Saa ya ukumbi. Betri imetolewa. Nyuma yake, kwa wino wa kijani, mwandiko ninaoujua kuliko wa mama yangu: *Mbele dakika 5. Nimelinganisha na redio.* Na tarehe. Ni siku ileile ya mtihani.

Kwa hiyo alijua. Alijua siku aliponisainia masomo. Alijua aliponipa idara, alipokuja harusini kwangu akacheza na mama mkwe wangu hadi viatu vikamvuka. Kila Jumatatu kwa miaka kumi na minne tumekaa mezani pamoja kupanga ratiba, na kila Jumatatu alijua. Leo asubuhi nilikuwa namlilia mtu aliyenilea. Sasa sijui kama alikuwa ananilea au ananichunga.

Jumatatu, 15 Aprili

Koti bado lipo. Idhini nimeiandika, lakini mzee wa masjala anasema familia lazima ijibu kwa maandishi. "Jalada halina miguu, Mkuu," anasema. "Linatembea kwa maandishi." Naanza kuamini kwamba huyu mzee siku akifa atadai kibali.

Mama Chai aliponiletea trei, nilimwambia avute kiti anywe nami. Mvua ilikuwa kubwa na jikoni kunavuja. Akakaa ukingoni mwa kiti, mikono mapajani. Nilipomsogezea kikombe alikirudisha.

"Chai mimi siinywi."

"Wewe unayempikia kila mtu?"

"Napika tu." Akatazama dirishani. "Chai ilinicheleweshea mtu. Nilimwambia, mwanangu, mvua hii, kunywa chai kwanza ipungue. Akanywa kwa kunitii tu. Ingekuwa si ile chai angewahi." Akasimama kama aliyekumbuka sufuria jikoni. "Saa ngapi sasa, Mkuu?"

Nilimwambia.

Mitaa iko mingi. Akina mama wenye watoto waliochelewa wako wengi. Nimejiambia hivyo mchana kutwa.

Jumanne, 16 Aprili

Sikumuuliza mtu.

Jumatano, 17 Aprili

Wala leo.

Alhamisi, 2 Mei

Mwenyekiti wa Bodi amekuja kukagua. Ni mtu mnene mchangamfu, anayependa kushika bega la mtu anapozungumza. Aliona bweni limeezekwa, mihutasari imeandikwa, walimu wako vipindini. "Mama," alisema, "sisi tunataka mtu wa kanuni. Marehemu alikutaja wewe na hakumtaja mwingine. Tarehe saba ni kupiga muhuri tu."

Nilifurahi. Naiandika kwa sababu ni kweli. Nakitaka hiki kiti. Nimekitaka tangu siku nilipokuwa nabeba chaki, na mto wake umeshaanza kunizoea.

Baada ya yeye kuondoka nililiangalia kabati. Kufuli jipya nimenunua mwenyewe, na ufunguo uko kwenye mkoba wangu. Nimekuwa marehemu bila kujua.

Jumanne, 14 Mei

Mvua siku ya tisa mfululizo. Mlinzi anasema korongo limepanda. Nimetoa tangazo: mwanafunzi yeyote anayeishi ng'ambo alale maktaba hadi mitihani iishe. Makamu wa taaluma akashangaa, akasema hiyo ni kazi ya wazazi. Nilimjibu kwa ukali kuliko alivyostahili, kisha nikamfuata ofisini kwake kumwomba radhi.

Jumatatu, 27 Mei

Siku ya kwanza ya mitihani. Nilipita ukumbini saa tatu kasoro robo. Dawati la arobaini na saba lilikuwa limeandaliwa, karatasi ya maswali imelazwa kifudifudi. Msimamizi, binti mwembamba aliyeajiriwa mwaka jana, aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni lazima. Nikamwambia ni lazima. Akauliza kwa nini. Nikamwambia atazame saa yake na asiniulize maswali kazini.

Niliporudi, mzee wa masjala alikuwa amesimama mlangoni kwangu na jalada jembamba la kijivu. Alilishika kwa mikono miwili.

"Hili huletwa kwa Mkuu wiki ya kwanza ya mitihani, kila mwaka. Ndivyo lilivyoagizwa."

"Lina nini?"

"Mimi husoma mgongo wa jalada, Mkuu. Tumbo lake si kazi yangu." Akaliweka mezani, akanipa daftari nisaini kupokea.

Jalada lina vitu viwili. Cha kwanza ni barua, inaelekea iliandikwa na jirani: mama anaomba kujua kama ni kweli mwanawe alichelewa, kwa sababu yeye ndiye aliyemkawiza nyumbani, na kama kosa ni lake angependa aambiwe. Hakuna jibu lililoambatishwa.

Cha pili ni karatasi ya madokezo. Nayanakili hapa jinsi yalivyo.

Dokezo la kwanza: *Saa ya ukumbi nimeikuta mbele dakika tano. Nimeitoa. Mtoto aliwahi. Msimamizi ni kijana na ana kipaji. Nikilisema nitakuwa nimempoteza na yeye, na aliyekwenda harudi. Ngoja aseme mwenyewe. Iletwe kwangu kila mwaka wiki ya mitihani nisije nikasahau.*

Chini yake, mwaka baada ya mwaka, tarehe na mstari:

*Imeonwa. Iletwe tena.*

*Imeonwa. Mama wa yule binti nimempa kazi jikoni. Ana mkono mzuri wa chai. Iletwe tena.*

*Imeonwa. Iletwe tena.*

*Imeonwa. Amerudi masomoni. Hajasema. Iletwe tena.*

*Imeonwa. Nimempa idara. Nilidhani atakataa. Iletwe tena.*

*Imeonwa. Ana watoto pacha sasa. Iletwe tena.*

Na mingine na mingine. Nimehesabu kumi na sita. Mwandiko unazeeka ukishuka. Mstari wa mwisho ni wa mwaka jana: *Imeonwa. Bodi imeniuliza nani anafaa baada yangu, nimemtaja yeye. Mimi kiti kimeshindwa kunifanya niseme. Huenda yeye kikamsemesha. Iletwe tena.*

Chini ya hapo pako wazi. Ni nafasi yangu.

Saa nne kasoro Mama Chai alipogonga, nilililaza jalada kifudifudi kama karatasi ya mtihani. Akamimina. Akalipangusa koti. Akauliza saa. Nikamwonyesha mkono wenye saa akajisomea mwenyewe.

Jumanne, 28 Mei

Nimemwambia Baba Pacha. Tulikuwa tunakunja nguo zilizokauka nusunusu. Nilianza na jalada nikarudi nyuma hadi kwenye kiti nilichopanda kuisogeza saa. Alilikunja shati moja mara tatu, akalifungua, akalikunja tena.

"Ndiyo maana," akasema mwishowe.

"Ndiyo maana nini?"

"Saa ya jikoni. Miaka yote tangu tuoane, kila jioni redio ikitangaza saa, unakwenda kuitazama. Nilidhani ni tabia ya ualimu." Kisha akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua, Mama Pacha. Ila mimi sitakusukuma. Kazi ni yako na moyo ni wako."

Nilitamani anisukume.

Jumatano, 29 Mei

Nimempigia simu Mwenyekiti nikamweleza yote.

"Nani mwingine anajua?"

"Mume wangu."

"Basi hakuna anayejua." Akashusha pumzi. "Mama, maji yakimwagika hayazoleki. Mzee alilishughulikia kwa busara yake. Wewe andika 'Imeonwa', wiki ijayo tukuthibitishe, ujenge chuo. Ukiandika lingine, mimi mkono wangu utakuwa umefungwa. Na yule mama, akishajua, atapata nini? Mtoto wake atafufuka?"

Ni hoja nzuri. Kwa miaka kumi na saba nami nimekuwa nikijipa hiyohiyo. Nilifungua kalamu nikaandika tarehe kwenye karatasi ya madokezo, nikaandika *Imeonwa*, nikaweka nukta. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa wepesi ulionitisha, kama mkono wa mtu mwingine. Ndipo nikamwelewa marehemu. Hakuwa mtakatifu niliyemfanya Machi, wala askari jela niliyemfanya Aprili. Alikuwa anaahirisha, akijiita mwenye subira, na kila mwaka uliomwongezea aibu ulimfanya ashindwe zaidi mwaka uliofuata.

Alhamisi, 30 Mei

Nilimwita Mama Chai saa nne. Nilifunga mlango, nikatoa saa kabatini nikaiweka mezani kati yetu, nikamwambia bila kuzunguka: "Mama, binti yako hakuchelewa. Saa ya ukumbi ilikuwa mbele dakika tano. Mimi ndiye niliyeisogeza, nikasahau kuirudisha, na mimi ndiye niliyemfungia mlango. Alikuwa amewahi."

Aliitazama saa, hakunitazama mimi. Mvua ilikuwa imesita na tone la paa lilikuwa linadondoka kwenye ndoo.

"Hakuchelewa?"

"Hakuchelewa."

"Na chai alikunywa?"

"Chai alikunywa, Mama, na aliwahi."

Akaweka kiganja juu ya kioo cha saa. "Na yule?" akaonyesha koti kwa kidevu. "Alijua?"

"Alijua tangu siku ileile."

"Miaka kumi na mitano namletea chai. Mkononi kwake. Akisema asante, mama." Sauti yake haikupanda. "Nawe. Kumi na minne. Nawe unasema asante, mama."

Nilisema naomba msamaha. Akainua mkono kama mtu anayezuia mlango usifunguke. "Usinipe hilo leo. Sina pa kuliweka." Aliondoka. Trei aliiacha, chupa ya chai juu yake, na mlango aliuacha wazi. Sikuweza kuufunga hadi jioni.

Ijumaa, 31 Mei

Nimeandika barua kwa Bodi, nakala ya jalada ndani. Mama Chai hakuja kazini.

Jumatatu, 3 Juni

Hakuja. Nimepika chai mwenyewe. Mbaya.

Jumanne, 4 Juni

Nilikwenda hadi korongoni. Ng'ambo niliiona nyumba aliyonielekeza mlinzi, mlango wa bluu, umefungwa. Maji yalikuwa yamepungua, mtu angeweza kupita. Sikuvuka. Kumfuata mtu hadi kwake ili anisamehe nipate usingizi ni kumdai tena.

Ijumaa, 7 Juni

Bodi imeanza kikao saa tano, imekwisha saa saba. Sikuthibitishwa. Makamu wa taaluma ataanza kukaimu wiki ya tatu ya Juni. Mimi narudi darasani huku kamati ya nidhamu ikiandaliwa. Mwenyekiti alinishika bega kwa mara ya mwisho, akasema kwa upole kabisa, "Na lile jalada lifungwe. Limeshasumbua watu vya kutosha."

Nililia garini. Nililia kwa ajili ya kiti, siyo kwa ajili ya msichana, na nimeona nisijidanganye kuhusu hilo.

Jumatatu, 10 Juni

Jua, la kwanza kwa wiki tatu. Nilikuwa napakia vitabu vyangu kwenye boksi Mama Chai alipoingia bila kugonga. Hakuvaa aproni. Alivaa nguo ya kutokea, na mkoba kwapani.

"Nimesikia wamekutoa."

"Wamenitoa, Mama. Ijumaa namkabidhi mwenzangu."

Hakusema pole, wala sikuitarajia. Akakaa, safari hii kiti kizima. "Nyie watu wa ofisi mnaamini kilichoandikwa. Mwanangu ameandikwa wapi kwamba alichelewa?"

Nikamwonyesha kwenye ripoti ya zamani ya mtihani. Mwandiko wangu.

"Na kwamba hakuchelewa?"

Nililifungua jalada. Nikachukua kalamu, nikaendeleza pale nilipokuwa nimeweka nukta: *Mtahiniwa namba 47 hakuchelewa. Alifika saa tatu na dakika ishirini na saba. Saa ya ukumbi ilikuwa mbele dakika tano, na aliyeisogeza ni mimi niliyemfungia mlango. Mama yake hakumchelewesha.* Nikasaini.

"Nisomee."

Nikasoma.

"Tena."

Nikasoma tena. Mara ya tatu midomo yake ilikuwa inatangulia maneno.

Akapitisha kidole kwenye mistari ya kijani ya marehemu. "Na hapa, yule mzee alikuwa anamalizia kwa kuandika nini?"

"Iletwe tena. Maana yake jalada lirudi mezani kwa Mkuu mwaka ujao. Lakini Bodi imesema lifungwe."

"Lisifungwe." Alisema kama anayemwagiza mtu chumvi. "Kila atakayekaa hapo, kila mwaka, asome kwamba mwanangu aliwahi. Andika."

Nikaandika: *Iletwe tena.*

Mzee wa masjala alikuja kulichukua. Nikamwambia ukweli, kwamba Mwenyekiti ameagiza vingine. Alilipokea kwa mikono miwili, akasoma dokezo la mwisho, mara ya kwanza namwona akisoma tumbo la jalada. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Mwenyekiti alisema kwa mdomo," akasema. "Masjala haina masikio, Mkuu." Akaondoka nalo.

Tulibaki wawili. Sikujua la kufanya kwa mikono yangu, kwa hiyo nilijimiminia chai niliyopika asubuhi, na sikuweza kuinywa mbele yake. Kikombe kikakaa mezani. Niliendelea kupanga vitabu. Nilipogeuka, alikuwa amekivutia kwake, anakitazama, mvuke ukimpanda usoni. Akakiinua. Akanywa, akanywa tena.

"Sukari yote hii ya nini?" akasema. Lakini aliimaliza.